Kliniki ya presha na sukari, wagonjwa 140 kila Jumanne: tupangeje miadi watu wasikeshe kwenye benchi?

Msimamizi_Kliniki

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kupanga miadi ya wagonjwa.

Ni hospitali ya wilaya, ukanda wa pwani ya Tanzania. Kliniki ya presha na kisukari iko mara moja kwa wiki, Jumanne. Walioandikishwa ni 560 na kila mmoja anarudi baada ya wiki nne, kwa hiyo kila Jumanne tunapata wastani wa watu 140. Wahudumu ni madaktari wawili, wauguzi watatu, mtunza kumbukumbu mmoja, na dirisha moja la dawa ambalo pia linahudumia wagonjwa wengine wa nje. Daktari anatumia kama dakika 8 kwa mgonjwa wa kurudi na dakika 20 kwa mgonjwa mpya.

Watu wanaanza kukaa kwenye benchi saa 11 alfajiri ili wawahi namba. Wengi hawajala kwa sababu ya kipimo cha sukari. Wa mwisho anatoka na dawa karibu saa 12 jioni. Mgonjwa mpya anayekuja na rufaa kutoka zahanati anapewa tarehe ya wiki tano mbele, na kati yao wapo wenye presha ambayo haifai kungoja wiki tano.

Ajira mpya hatutarajii, jengo jipya hatutarajii. Kwa watu hawa hawa na vyumba hivi hivi, tuanze kugusa wapi?

---

Tabibu_wa_Nje

Mkuu, umefanya jambo jema kuja na namba. Wengi huja na neno "msongamano" tu, na msongamano haupangiki.

Gawanya kwanza. Kwa dakika 8, daktari mmoja anaona watu saba na nusu kwa saa, wawili wanaona 15. Watu 140 kwa watu 15 kwa saa ni saa 9 na dakika 20 za kuona wagonjwa mfululizo, bila daktari kunywa maji. Kliniki ya saa 2:30 asubuhi mpaka saa 8:30 mchana ina saa sita, yaani nafasi 90. Wale 50 wanaozidi ndio wanaoondoka jioni. Hapo hakuna mtu mvivu, na kumkaripia muuguzi hakutapunguza hata mgonjwa mmoja.

Kabla ya kuongeza kasi, jiulize kwa nini mtu ambaye presha yake imetulia mwaka mzima anarudi kila wiki nne. Mara nyingi harudi kwa ajili ya daktari, anarudi kwa sababu alipewa vidonge 30. Miadi yake inafuata ukubwa wa pakiti ya dawa! Kliniki za VVU ziliachana na utaratibu huo zamani: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ulipendekeza mgonjwa aliyetulia aonwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na dawa zitoke kwa kipindi hicho hicho. Kwa presha na sukari hoja ni ile ile.

Pitia mafaili 560 na uyagawe. Aliyetulia ni yule ambaye presha iko chini ya 140/90 katika mahudhurio mawili yaliyofuatana. Kama ana kisukari, HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu) iko chini ya asilimia 7, au sukari yake ya kufunga inazunguka 4 hadi 7 mmol/L. Dawa hazijabadilishwa kwa miezi mitatu. Hana kidonda cha mguu, hana mimba, figo hazijaanza kuyumba, na hatumii insulini. Kwa mzee dhaifu, daktari alegeze kiwango cha sukari kwa maandishi kwenye faili, asije akahesabiwa kuwa hajatulia kwa namba iliyowekwa kwa ajili ya kijana.

Tuseme unapata 300. Hao wakirudi kila wiki 12 wanakuwa 100 kwa kila wiki nne. Waliobaki 260 wanaendelea na wiki nne. Jumla 360, yaani 90 kwa wiki badala ya 140. Hujaajiri mtu.

Sasa angalizo: 90 ndiyo nafasi zote ulizo nazo, na kliniki iliyojaa mpaka pomoni haisongi. Daktari mmoja akiitwa wodini dakika 40, hutapata pa kuzifidia, zinasukumwa mpaka kwa mgonjwa wa mwisho. Nakushauri uivunje Jumanne iwe siku mbili, Jumanne na Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Siku moja inakuwa na dakika 480 za madaktari wawili. Weka 45 wa kurudi, ni dakika 360. Weka wapya watatu, ni dakika 60. Zinabaki dakika 60 ambazo huzigawi kwa mtu yeyote. Zitaliwa na aliyechelewa basi, na aliyekuja bila miadi kwa sababu anaumwa, na faili lililopotea. Mkubwa wako atakuja kuziona tupu kwenye daftari na kukuambia uzijaze. Usizijaze.

Jambo moja zaidi: pima kabla hujabadilisha. Kata karatasi ndogo yenye visanduku vitano, yaani kufika, vipimo vya awali, maabara, daktari, dawa. Ibanwe kwenye kadi, kila kituo kiandike saa. Fanya hivyo Jumanne mbili, chukua karatasi 40 bila kuchagua, toa saa moja kwenye nyingine. Mara nyingi utakuta huduma yenyewe haifiki dakika 40 na saa zilizobaki zote ni za kukaa. Utaona pia foleni inakwama kituo gani hasa. Huenda siyo kwa daktari.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Asubuhi

Naongezea upande wa benchi.

Watu hawaji saa 11 alfajiri kwa kupenda. Wanakuja kwa sababu mbili ambazo sisi wenyewe tumeziweka: anayewahi ndiye anayeonwa, na "njoo hujala". Ziondoe zote mbili kwa pamoja, maana ukiondoa moja tu watu wataendelea kuja gizani.

Kuhusu kutokula: mwenye presha peke yake hana sababu ya kufunga hata kidogo. HbA1c haihitaji kufunga. Kreatinini na potasiamu hazihitaji kufunga, na hata mafuta ya damu kwa ufuatiliaji wa kawaida hupimwa mtu akiwa amekula. Anayebaki ni yule ambaye daktari ameandika kabisa kwamba anataka sukari ya kufunga, na huyo apewe nafasi ya kwanza ya siku, apimwe akifika, kisha ale hapo hapo kabla hajaonana na daktari. Mwambie kufunga ni saa nane bila chakula, maji yanaruhusiwa. Wengi wanakuja koo zimekauka kwa kudhani maji pia ni marufuku.

Hili siyo suala la starehe. Mtu aliyemeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) au kuchoma insulini asubuhi halafu akakaa benchi mpaka saa 6 mchana bila kula, sukari inaweza kushuka akiwa mbele ya macho yetu na tukadhani amesinzia. Kwenye meza ya vipimo vya awali kuwe na sukari ya mezani na maji. Glukomita (mashine ndogo ya kupima sukari) ikisoma chini ya 3.9 na mtu anaweza kumeza, vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15, rudia kama bado. Akipanda, ale chakula. Kama amelegea hawezi kumeza, usimwagie kitu mdomoni, mkimbize chumba cha dharura apewe glukosi ya mshipa.

Kuhusu saa: kwenye kadi andika tarehe NA saa. Usimpangie kila mtu dakika yake, hapa kwetu na daladala zetu haitawezekana. Panga makundi ya saa moja moja. Kwa siku ya watu 45 na wapya watatu: saa 3 watu 14, saa 4 watu 13, saa 5 watu 12, saa 6 watu 9. Kundi la kwanza liwe kubwa kidogo ili daktari asikae bila mtu akisubiri waliochelewa, kundi la mwisho liwe dogo ili likusanye viporo. Tumia rangi nne za kadi au stika, mlinzi na mhudumu wa benchi waweze kuona bila kusoma.

Unapompa mtu saa, muulize anatoka wapi na anakuja na usafiri gani. Anayetegemea basi linalofika saa 3:30 ukimpa kundi la saa 3 umemwandikia kuchelewa. Angalia na siku ya gulio.

Wiki tatu za kwanza ndizo zitakazoamua. Atakuja mzee saa 11 alfajiri na kadi ya saa 5. Ukimwonea huruma ukamwingiza wa kwanza, Jumanne ijayo wote watakuja saa 11, kwa sababu wameona kadi haina nguvu. Msalimie vizuri, "Shikamoo babu, nafasi yako ipo, hakuna atakayeichukua, saa 5 utaitwa kwa jina." Na saa 5 umwite kweli. Akiitwa saa 7, wewe ndiye uliyevunja ahadi.

Kuna wasiofuata saa kabisa, na hao lazima watafutwe. Kila kundi likiketi, muuguzi mmoja apite benchi nzima kwa dakika kumi kabla ya mafaili. Presha 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, upande mmoja kulegea, kuona giza au kushindwa kupumua. Glukomita inayoandika kwamba sukari imepita kiwango chake, na mtu anatapika au anahema kwa nguvu. Kidonda cha mguu chenye homa au harufu. Hao ni chumba cha dharura moja kwa moja, faili litafuata. Presha 180/120 bila dalili yoyote, mpumzishe dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu, mkono usawa wa moyo, pima tena. Wengi hushuka kwa sababu walipimwa wametoka kupanda ngazi. Asiyeshuka aonwe na daktari siku hiyo hiyo, asipangiwe tarehe.

---

Dirisha_la_Dawa

Tabibu hapo juu amesema vizuri lakini kuna shimo mbele yenu. MSIWAANZISHIE wagonjwa wote 300 dawa za miezi mitatu mwezi mmoja.

Sasa hivi hao 300 wanatumia dozi za mwezi 300 kila mwezi. Mkiwaanza wote kwa pamoja, mwezi wa kwanza zinatoka 900, wa pili sifuri, wa tatu sifuri, wa nne 900 tena. Stoo itaisha mwezi wa kwanza. Na kuna baya zaidi: maombi yetu MSD (Bohari ya Dawa) yanakokotolewa kwa wastani wa matumizi. Ile miezi miwili ya sifuri itashusha wastani, mtaletewa kidogo, halafu watu 300 wanafika kwa pamoja.

Wagaweni mafungu matatu ya watu 100. Mwezi wa kwanza fungu A linapata miezi mitatu na B na C wanapata mwezi mmoja: dozi 500. Mwezi wa pili B anapata mitatu, C mmoja, A hayupo: 400. Mwezi wa tatu C anapata mitatu: 300. Kuanzia hapo ni 300 kila mwezi, kama zamani. Ziada mnayohitaji ni dozi 300 basi, mara moja tu. Kama theluthi mbili ya watu wako wanatumia amlodipini (dawa ya presha) kidonge kimoja kwa siku, hiyo ni dozi 200 mara 30, vidonge 6,000. Fanya hesabu hiyo kwa kila dawa na uiweke kwenye maombi yanayotangulia, na maelezo ya sababu, kabla ya kubandika tangazo lolote ukutani.

Tarehe ya kurudi iwe siku ya 84 na vidonge viwe 90. Hivyo anarudi siku ile ile ya wiki na ana akiba ya siku sita kama basi halikuja au kuna msiba. Ukiandika siku ya 90 juu ya vidonge 90, kuchelewa siku moja ni kukosa dawa.

Wenye bima: ulizeni kwanza mfuko husika unalipia dawa za siku ngapi kwa hudhurio moja. Dai likikataliwa, hospitali ndiyo inayobeba.

Insulini ibaki mwezi kwa mwezi. Chupa iliyofunguliwa huhesabiwa wiki nne, na nyumba nyingi hazina friji.

Halafu jiandaeni: mkiwaondoa watu haraka kwa daktari, foleni yote itahamia kwangu. Dirisha langu kwa dakika tatu linatoa watu 20 kwa saa. Madaktari wawili wananiletea 15 na wagonjwa wengine wa nje wanaongezeka juu. Dawa: Jumatatu na Jumatano mchana tufungashe tayari pakiti za 30 na 90 za dawa nne tano zinazotoka zaidi, zikiwa na lebo, jina la mgonjwa liandikwe dirishani. Na wagonjwa wa kliniki wapewe rangi yao hata hapa. Kama malipo yanadaiwa, namba ya malipo itolewe akiwa bado anasubiri daktari, siyo akishafika dirishani ndipo aambiwe arudi mapokezi.

---

Karani_Masjala

Mafaili: yatolewe saa 8 mchana siku moja kabla, kwa orodha ya daftari la miadi, yapangwe kwa kundi la saa, siyo kwa namba ya usajili. Faili lisiloonekana litafutwe jioni hiyo, siyo mgonjwa akiwa amesimama. Kama mnatumia mfumo wa kompyuta, bado chapeni orodha usiku, umeme ukikatika asubuhi mnaendelea.

Daftari la miadi liwe na ukurasa kwa kila siku ya kliniki na mistari yenye namba. Mistari ikijaa, siku imejaa, tafuta ukurasa mwingine. Bila mistari yenye namba kila mhudumu anaandika "Jumanne ijayo" na hakuna anayejua wamefika wangapi. Hapo ndipo 140 wanapotokea.

Simu: chukua namba mbili, ya mgonjwa na ya ndugu, na uzihakiki kila hudhurio. Ujumbe utoke siku mbili kabla. Usitaje ugonjwa wala jina la kliniki, simu nyingi zinashikwa na familia nzima. Mfano: "Habari. Unakumbushwa kufika hospitali Jumanne saa 4 asubuhi. Njoo na kadi na dawa zilizobaki. Ukiwa na dharura jibu 2." Inaenea kwenye ujumbe mmoja wa herufi 160. Akijibu 2, lazima kuwe na mtu wa kumpigia siku hiyo, vinginevyo usiweke.

Majibu yana maana kuliko ukumbusho wenyewe. Utafiti wa WelTel uliofanywa Kenya kwa wagonjwa 538 wa VVU na kuchapishwa 2010 ulitumia neno moja tu kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Waliosema shida, na walionyamaza, walipigiwa. Waliotumiwa ujumbe walimeza dawa kwa uaminifu zaidi, asilimia 62 kwa 50 ya wenzao. Nadhani nguvu ilitoka kwenye ile simu ya kurudi.

Asiyekuja: jioni ya siku ya kliniki orodhesha wote, piga ndani ya siku mbili, andika sababu kwa neno moja (nauli, msiba, safari, amelazwa, amefariki, hataki). Baada ya miezi mitatu zihesabu. Sababu kubwa ikiwa nauli, kumtumia ujumbe mwingine hakutasaidia, anahitaji dawa karibu na kwake.

---

Msimamizi_Kliniki

Nashukuru sana wakuu, hasa hesabu ya dawa, ingetuumiza. Maswali mawili. Moja, madaktari wanaanza na ripoti ya asubuhi, kisha raundi ya wodi, wanafika kliniki saa 3:30, siku nyingine saa 4. Pili, hata tukifika 90 kwa wiki, ile foleni ya wapya ya wiki tano inaondokaje?

---

Tabibu_wa_Nje

La kwanza: kadi isiseme saa 3 kama daktari anafika saa 4. Una njia mbili tu. Mganga mfawidhi aandike kwenye ratiba, kwa jina, kwamba siku ya kliniki daktari mmoja haendi raundi, mnapokezana kila wiki. Au kama hilo halipiti, makundi yaanze saa 4 na kliniki iishe saa 8. Nafasi ni zile zile, na mgonjwa amelala usingizi wake. Ninapendelea ya kwanza, lakini ya pili ni bora kuliko kadi ya uongo. Andika kila siku saa ambayo mgonjwa wa kwanza aliingia kwa daktari, ubandike ukutani kwa mwezi. Namba hiyo moja inafanya kazi kuliko kikao.

---

CO_Level4_Kenya

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Niingie kwa hilo la wapya, kwa maana hospitali zetu za kaunti zina tatizo hilo hilo.

Kwanza chunguza kitu kimoja: ile foleni ya wiki tano inarefuka, au imesimama hapo hapo mwaka mzima? Kama imesimama, basi wanaoingia na wanaotoka ni sawa, nafasi zako zinatosha. Unachobeba ni deni la zamani. Deni hulipwa mara moja, halihitaji mfanyakazi wa kudumu. Ukipokea wapya sita kwa wiki, wiki tano ni watu 30. Kwa dakika 20 kila mmoja ni dakika 600, kwa madaktari wawili ni saa tano. Jumamosi moja! Lipa posho ya siku hiyo, maliza deni, na kuanzia Jumanne inayofuata mgonjwa wa rufaa anaonwa wiki hiyo hiyo kwa zile nafasi tatu za kila siku. Kama inarefuka, Jumamosi haitakusaidia. Baada ya miezi miwili utakuwa pale pale. Hapo kwanza ongeza nafasi za wapya au punguza wanaorudi.

Kabla ya Jumamosi hiyo wapigie wote walioko kwenye orodha. Wapo waliokwenda kwingine, na wapo ambao presha iliyoandikwa kwenye rufaa inadai aonwe kesho.

Njia hii ya kumaliza deni kisha kufanya kazi ya leo leo ilisambazwa na daktari Mark Murray na Catherine Tantau, walioijaribu kwenye shirika la huduma za afya la Kaiser Permanente, kaskazini mwa California, miaka ya 1990. Kipimo chao ni rahisi: kila Jumatatu saa ile ile, fungua daftari, uhesabu siku ngapi mpaka nafasi ya TATU iliyo wazi kwa mgonjwa mpya. Kwa nini ya tatu? Ya kwanza na ya pili zinaweza kuwa wazi kwa bahati tu, mtu ameghairi asubuhi hiyo. Ya tatu haidanganyi. Chora nukta moja kwa wiki.

Onyo: usitenge nafasi za kila aina, za wazee, za wafanyakazi, za bima, za mkubwa fulani. Kila tengo linabaki na nafasi zisizojazwa huku benchi la jirani limefurika. Tenga za wapya na ile akiba, basi.

Na waliotulia wanaokaa mbali, waregesheni kwenye kituo cha afya au zahanati iliyo karibu nao. Kuna mambo ya kuhakikisha: kituo kina mashine ya presha inayofanya kazi na vijiti vya glukomita, dawa zake ziko kwenye daraja linaloruhusiwa kituo hicho katika mwongozo wa matibabu wa nchi yenu, na mgonjwa ana karatasi yenye masharti ya kurudishwa kwenu: presha 160/100 au zaidi mara mbili, sukari ya kufunga juu ya 10 mara mbili, kidonda, uvimbe wa miguu, mimba. Dawa ikiwa ya daraja la juu zaidi, zahanati haitaiagiza hata wakitaka, na mgonjwa atarudi kwenu baada ya kukaa mwezi bila dawa. Kwetu tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na glukomita, kwa hiyo kipimo cha katikati kinaweza kufanyika nyumbani kwa mgonjwa. Kwenu muulizeni mratibu wa wilaya wahudumu wa jamii wana vifaa gani.

---

Dirisha_la_Dawa

CO amegusa penyewe. Mkiwahamishia zahanati, wapelekeni kwa barua kwa mganga wa zahanati mwezi mmoja KABLA, na idadi ya wagonjwa na dawa zao, ili aongeze maombi yake. Mgonjwa akitangulia kabla ya dawa, hataiamini zahanati hiyo tena.

---

Msimamizi_Kliniki

Nimeelewa. Tutaanza na karatasi za saa Jumanne mbili, halafu kupitia mafaili, huku maombi ya dawa yakitangulia. La mwisho: wagonjwa wetu wengi ni Waislamu. Ramadhani mahudhurio yanaanguka, wengine wanakataa kuchomwa kidole mchana, na wiki ya baada ya Idi tunafurika. Kwenye mpango wa wiki 12 hilo tunaliwekaje?

---

Muuguzi_Zamu_ya_Asubuhi

Hesabu kurudi nyuma kutoka mwandamo. Kila mwenye kisukari anayekusudia kufunga aonwe wiki sita hadi nane kabla, maana daktari anahitaji muda wa kubadilisha dozi na kuona matokeo. Anayetumia insulini au glibenklamidi asikose hudhurio hilo. Kwa hiyo mnapogawa mafungu A, B na C, wenye kisukari wapangwe ili zamu yao iangukie wiki hizo, na wenye presha tupu wajaze nafasi zinazobaki.

Ndani ya mwezi wenyewe punguza miadi, asubuhi tu, kundi la saa 6 liondoe. Wiki mbili za baada ya Idi zisipangiwe watu wa wiki 12 kabisa, ziache kwa watakaokuja wenyewe.

Kuhusu kidole: kuchomwa kupima sukari hakufunguzi saumu, wanazuoni wengi wamelisema hilo. Lakini likitoka kwa muuguzi halitoshi. Mwombeni imamu wa msikiti ulio karibu alitangaze Ijumaa mbili za Shaabani. Aongeze na hili, kwa namba: sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipita 16.6, au mtu akitetemeka na kutokwa jasho jingi, anafungua hapo hapo hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi, na anakuja kliniki bila kungoja tarehe.